Mkono Niliouweka Juu ya Daftari

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa nimeishi miaka mingi nikijitahidi kuisahau. Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Titye, na dawati moja nilikaa na msichana aliyeitwa Skolastika. Sisi tulimwita Skola. Ngozi yake ilikuwa nyeupe, nywele zake rangi ya ndevu za mahindi. Siku hizi mnasema mtu mwenye ualbino, na ndivyo inavyofaa. Sisi tulikuwa na jina lingine, ambalo leo sitalitamka mbele yako.

Skola alinizidi akili. Shida yake ilikuwa macho tu. Hata akikaa dawati la mbele hakuuona ubao. Kwa hiyo mimi nilinakili ubaoni, yeye akanakili kwangu, kisha tukitoka ananieleza hesabu nilizoziandika bila kuzielewa. Hivyo ndivyo tulivyopanda madarasa, yeye na mimi.

Basi jioni moja kisimani wasichana wakubwa wakanizunguka.

"Wewe Anjelina, huogopi? Unavyokaa naye vile, na wewe utakuja kuzaa wa hivyo hivyo!"

Wakacheka. Nikacheka nao, mwanangu, lakini njia nzima nilirudi na ndoo kichwani nikiwa na hofu. Ujinga mtupu, ila nilikuwa sijui.

Kesho yake mwalimu alijaza ubao. Skola akainamia daftari langu kama kawaida. Nikalifunika kwa mkono.

"Anje, mstari wa pili ameandikaje?"

"Si una macho? Tazama mwenyewe," nikamjibu, kwa sauti, ili wote wasikie.

Darasa likacheka. Skola akanyanyuka, akaenda mpaka ubaoni, pua yake ikakaribia kugusa chaki. Wa nyuma wakapiga kelele kwamba anawaziba. Mwalimu, ambaye hakujua lililotokea, akamwambia akae. Alikaa, akaweka mikono mapajani, hakuandika kitu. Wiki iliyofuata hakuja shule.

Habari zikamfikia baba. Baba yangu alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Hakunipiga. Heri angenipiga.

"Nilipofika huku," akaniambia, "watu walikuwa wakisikia ninavyoongea, wanasogea mbali nami kwenye benchi la kanisa. Sikujua kwamba ninalea mtu wa namna hiyo ndani ya nyumba yangu. Nenda kamwombe mwenzako msamaha, umrudishe shule."

Nilikwenda. Nilifika mpaka kwenye uzio wa kwao, nikamwona akipalilia maharage na mama yake, juani, amejifunika kitenge kichwani. Aibu ikanishika. Mama yake aliponyanyua uso, nikageuka nikakimbia. Nyumbani nikamwambia baba, "Amekataa kurudi." Baba akaniamini. Alikufa akiniamini.

Mimi nilimaliza shule, nikasomea ualimu Kasulu, nikafundisha mpaka nikastaafu. Kila niliporudi likizo nilipita njia ya juu, ndefu, nisikutane naye.

Tulikuja kukutana mjini Kasulu, kwenye foleni ya matibabu, wote tumeshazeeka. Nilimtambua kwa sauti. Nusu ya uso wake ilikuwa imefungwa bandeji. Miaka yote ile ya jembe, jua lilikuwa limemtia vidonda visivyopona. Nikapiga magoti pale pale sakafuni, mbele za watu, nikamweleza yote, hata uongo niliomwambia baba.

Aliniinua. "Nilishakusamehe zamani, Anje. Tulikuwa watoto." Kisha akasema taratibu, "Lakini mama aliniambia umefika kwenye uzio. Nikaacha jembe, nikanawa miguu, nikakungoja. Mimi nilitaka kusoma."

Tulimzika mwaka ule ule, kabla mvua hazijaanza.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu. Mtu ambaye sura yake haifanani na yako anataka yale yale unayoyataka wewe: kusoma, kucheza, kuitwa kwa jina lake. Ukimkuta amekaa peke yake, nenda ukakae naye, wala usisubiri wenzako wakukubalie kwanza. Wakikucheka, watachoka. Na ukimkosea mtu, fika mlangoni kwake siku hiyo hiyo, uingie na aibu yako hivyo hivyo. Mimi nilisamehewa, namshukuru Mungu, lakini msamaha ule haukumrudishia Skola ngozi yake wala shule yake.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe moyo mpana kuliko ule niliokuwa nao katika umri wako, na yeyote atakayekuwa karibu nawe ajione yuko kwao. Amina.