Siku Nilipowaondoa Marehemu Kwenye Kompyuta

Asifiwe Mungu aliyenifikisha uzeeni na bado ananivumilia, maana aibu hii niliitendea ndani ya nyumba yake.

Mimi ni katibu wa parokia yetu hapa Makanyagio, na kanzidata ya waumini ninaitunza mimi (semina fupi tu ilitosha nijiite mtaalamu). Karibu na misa ya kuwaombea marehemu, kompyuta ikagoma kupokea watoto waliobatizwa, ikasema nafasi imejaa. Mwenye akili angempigia fundi, ila mimi nikajiuliza, humu ndani nani hana haraka? Nikaona ni marehemu. Basi nikawa nafuta jina la marehemu na kuandika la mtoto palepale, huku najisifu kwa kugawa nafasi vizuri. Picha za wafadhili wa harambee zilizokuwa humohumo, kila mmoja amepigwa kwa pembe zote akikabidhi bahasha, sikuzigusa (wale ni wakubwa).

Siku ya misa nikaiweka kompyuta mbele yangu, nikaiamuru ilete marehemu wote, nikaanza kwa sauti ya huzuni niliyoifanyia mazoezi nyumbani: "Tumwombee marehemu Neema Sizya, apumzike kwa amani."

Mama Sizya, mjane aliyetembea kutoka Misunkumilo ili asikie mumewe Deusi akiombewa, akasimama taratibu.

"Katibu, huyo unayemzika anatafuna biskuti mgongoni kwangu. Babu yake umempeleka wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilibadilisha majina tu, neno "marehemu" nikaliacha pembeni yake, na wote waliofuata kwenye kioo walikuwa watoto wadogo wa parokia. Padri akakohoa, akaniomba nikae, akawaambia watu wataje wafu wao wenyewe. Mama Sizya akamtaja Deusi, polepole, akinitazama mimi.

Kesho yake fundi akarudisha majina kutoka nakala ya zamani, kisha akanionyesha kilichojaza nafasi.

"Mzee wangu, marehemu wote kwa pamoja hawafikii picha moja ya mheshimiwa."

Sasa wafadhili wanakaa kwenye flashi, ndani ya droo, na mimi sifuti hata nukta bila fundi. Kila mwaka Deusi namsoma wa kwanza, na Mama Sizya bado anamshika mjukuu mkono hadi nimalize.

Nawe unayesoma, Mungu akuandike mahali pasipojaa, na asimruhusu katibu kama mimi kupagusa.