Mvua Iliyozidisha Chumvi

Juzi, huko Rugu, nilimwona mama mmoja akionja maji ya kisima baada ya mvua ya kwanza, kisha akayatema. Nikakumbuka alasiri moja nyumbani.

Kiangazi kilikuwa kimeyatia chumvi maji ya kisima chetu. Mama alisema mvua isipoyaponya, tutahama. Ikanyesha, udongo ukanukia. Mama akaonja, akatema. Chumvi ilikuwa imezidi. Ng'ombe wakasukumana kuyanywa.

"Wamepata chumvi ya bure," baba akacheka.

"Basi wakupikie wao," mama akamjibu.

Nilidhani chumvi tuliyowawekea ng'ombe walambe kihorini imevujia kisimani. Leo najua mvua ya kwanza hushusha kisimani chumvi iliyojikusanya ardhini, na zinazofuata ndizo huyasafisha maji. Siku ile mama alianza kufunga vyombo, nami nikasimama mlangoni nikiitazama mvua, nisijue niishukuru au niichukie.