Friji ya Zulaika

Gaudencia Amondi hapendi semina, na hafichi. Kwa miaka kumi na tisa ametibu ng'ombe, nguruwe na kuku kuanzia Malaba mpaka Kocholia. Cheti chake kinasema yeye ni msaidizi wa daktari wa mifugo, lakini ng'ombe hasomi vyeti, na watu humwita Daktari, naye huitika upesi. Kinachomkera ni kwamba kila mwaka lazima akusanye pointi za mafunzo, la sivyo leseni haitoki. Basi huenda. Huketi nyuma karibu na mlango wa jikoni, husaini asubuhi, husinzia kwa heshima, husaini jioni. Mpishi anamjua kwa jina.

Mwaka huu semina ilikuwa Busia mjini, siku mbili, na mwalimu alikuwa Lubna, binti wa muuza vitambaa ambaye Gaudencia alimjua tangu akiwa mtoto wa kufutwa kamasi. Mada ilikuwa utunzaji wa chanjo. Gaudencia alicheka kimoyomoyo. Tangu lini kifaranga akamfundisha mama yake kuparua?

Lubna hakuhubiri sana. Alimpa kila mtu kipimajoto kidogo, akawaagiza wakiweke kwenye friji wanamohifadhi chanjo, wakisome jioni na tena asubuhi, kisha walete namba zao. Kati ya nyuzi mbili na nane ni salama. Ikizidi hapo, alisema, chanjo inakufa kimya, haibadiliki rangi wala harufu.

Friji ya Gaudencia haikuwa yake. Ilikuwa ya Zulaika, mwenye duka karibu na maegesho ya malori pale Malaba, ambako madereva hununua soda baridi mchana kutwa. Nyuma ya hizo soda ndipo zilipokaa chupa za chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa boma zima kwa wiki moja. Jioni kipimajoto kilisema tano. Gaudencia akajipongeza. Asubuhi alimkuta Zulaika ndiyo kwanza anafungua duka, akachungulia ndani ya friji. Ishirini na tatu.

Akakipigapiga kipimajoto kwenye goti. Ishirini na tatu.

Zulaika akachomeka waya ukutani na friji ikaanza kunguruma. "Usiku nani atanunua soda, daktari?" akasema. "Nikifunga duka nazima. Hata ile siku ya kwanza ulileta dawa zako, nilizima."

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa miaka minne iliyopita. Miaka minne Gaudencia amekuwa akiwadondoshea kuku wa watu maji matupu machoni, kwa uso wa kitaalamu kabisa. Ndipo akamkumbuka Amuron.

Amuron wa Kocholia, rafiki yake wa kufa kuzikana, alipoteza kuku sitini wiki tatu tu baada ya Gaudencia kuwachanja. Na Gaudencia, siku ya soko, mbele ya wauza kuku wote, akatangaza kwamba Amuron mwenyewe ndiye aliyeleta kideri, kwa kununua jogoo mgonjwa ng'ambo, Uganda. Tangu hapo hakuna aliyenunua hata yai kwa Amuron, na wawili hao hawakusalimiana tena.

Semina ilipoendelea siku ya pili, namba zilisomwa. Nne. Nne. Nne. Friji ishirini na sita, nyingine mlango wake umefungwa kwa kamba, zote ziliimba sauti moja kama kwaya. Gaudencia naye alikuwa ameandika nne akiwa njiani, kwa kalamu ya kuazima. Alipoitwa alisimama, jambo ambalo hajawahi kulifanya katika semina ila kwa ajili ya chakula.

"Ishirini na tatu," akasema.

Okiror wa Nambale, aliyekuwa ameketi kando yake, aliitazama karatasi yake, akaanza kufuta taratibu. Lubna hakumkaripia Gaudencia. Alimwambia tu kwamba kuku wote wale itabidi wachanjwe upya, na wenyewe waambiwe kwa nini. Gaudencia akachukua mkoba wake na kuondoka kabla ya chakula, bila kusaini. Mpishi alidhani kuna msiba.

Alimkuta Amuron jikoni kwake akichambua mboga, akamweleza yote, friji, soda na ile ishirini na tatu. Akamwomba msamaha. Amuron alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Daktari, ulinisema sokoni," akasema. "Hapa jikoni nani anasikia? Kuja siku ya soko."

Siku ya soko Gaudencia alifika akiwa amevaa gambuti zake nyeupe za kazi, na kipimajoto mfukoni, akasimama palepale kwenye matenga ya kuku. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Amuron alikuwa ameshafika, ameketi mbele kabisa, kwenye kigoda alichokibeba kutoka nyumbani.