Maharagwe ya Mwisho wa Meza

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani maishani, huwa najikuna kichwa kwanza. Nikisema nilishauri viwanda kuhusu mashine, wanadhani nilikuwa fundi. Nikisema niliwatetea wafanyakazi, wananiona nimesimama getini na kipaza sauti. Sikuwa hivi wala vile. Nilikuwa mtu wa kuingia mahali ambapo mashine mpya inakaribia kununuliwa, nikaketi na wale ambao itawachukulia kazi, nikawauliza maswali mpaka wanichoke. Nilipoianza, kazi hiyo haikuwa na jina.

Udadisi nilizaliwa nao, na nyumbani haukunifaidi kitu. Katika miaka ya sitini, nikiwa bado shule ya msingi, nilitumwa siku moja kwenye kinu cha posho kusaga mahindi, nikaukuta ukanda wa mashine umepishanishwa katikati ukatokea umbo la nane. Kwa nini usinyooke tu? Nilimwuliza mwenye kinu, naye akanifukuza akidhani nataka kutia mkono. Nilibaki dirishani nikitazama hadi kila mtu akaenda na unga wake, na nyumbani mama alinichapa kwa kuchelewa. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba ukanda ukipishanishwa, gurudumu la pili huzunguka kinyume cha lile la kwanza. Nilifurahi siku nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipomaliza kidato cha nne, niliajiriwa kwenye ghala moja la mbegu mjini Nakuru, ng'ambo ya reli. Mwenye ghala alikuwa mzee wa Kihindi aliyeishi Milimani, mtu mpole, mwenye mazoea ya kutafuna punje za bizari huku akifikiri. Ndani kulikuwa na meza moja ndefu ya mbao, na kandokando yake wanawake kama thelathini wakichagua maharagwe ya mbegu. Yaliyovunjika yalitupwa, yaliyotobolewa na wadudu yalitupwa, mawe yalitupwa. Mazuri yalijazwa kwenye debe, debe likamwagwa kwenye gunia, na gunia likapelekwa kwa wakulima wapya waliogawiwa mashamba kule Bahati, Njoro na kuelekea Mau.

Mzee alikuwa ameagiza mashine ya kuchambua. Ingefika baada ya miezi miwili, na ikishafika, nusu ya wale wanawake wangeachishwa. Nusu ipi? Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilipewa saa ya kubonyeza, ubao wa kuandikia na fomu zilizopigwa chapa, nikaambiwa nimpime kila mwanamke kwa wiki moja, madebe mangapi kwa saa ngapi.

"Wewe andika ile iko," mzee aliniambia. "Mtu wa kwanza mpaka mtu wa mwisho. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza."

Nilivimba kichwa. Msichana wa miaka kumi na tisa, saa shingoni, kalamu sikioni. Wanawake waliniita karani, na wengine walilitamka neno hilo kwa namna ambayo sikuipenda.

Mwishoni mwa meza, karibu na mlango, aliketi mama mzee kuliko wote. Sote tulimwita cucu, yaani nyanya. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na hakuyatazama hata maharagwe yenyewe. Alitazama mlangoni huku vidole vikifanya kazi. Siku ya kwanza alijaza debe moja wakati mwenzake wa karibu alikuwa kwenye la nne.

Siku ya pili niligundua jambo. Mara kwa mara mwanamke fulani alifumba maharagwe machache kiganjani, akampa jirani yake bila kusema, jirani akampa wa pili, na hivyo hivyo mkono kwa mkono, hadi maharagwe yale yakafika mbele ya cucu. Niliacha kupima nikakaza macho. Hakuna aliyeinua uso. Cucu peke yake aligeuka upande wangu, kisha akaendelea.

Nilielewa mara moja, au ndivyo nilivyojiambia. Wanambeba. Cucu amezeeka, haoni, na wenzake wanamwongezea maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa ili debe lake lisibaki tupu mbele ya karani. Nilijiona mwerevu ajabu. Kisha roho ikaniuma, kwa sababu nilijua fomu ile ingemtoa.

Ningeweza kumwuliza. Hatua sita tu zilitutenganisha. Lakini nilivyolelewa mimi, mtoto hamwulizi mama wa rika la nyanya yake mikono yake inafanya nini, na hasa ikiwa jibu litamlazimu akiri kwamba anasaidiwa. Ingekuwa ni kumvua nguo mbele ya watu. Kwa hiyo nilimheshimu kwa kunyamaza. Wiki nzima nilijadiliana na nafsi yangu, nimfiche au nimwandike, na Ijumaa nikaandika ile iliyoko. Cucu alitoka wa mwisho. Nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba kusema kweli ni kugumu, na kwamba nimeweza.

Mashine ikaja kwa treni, na fundi mmoja Kalasinga mwenye kilemba akaiunganisha kwa siku nne. Nisiwe mnafiki, niliipenda ile mashine. Ilikuwa na machekecheke matatu yanayotikisika na feni ya kupeperusha, na mawe yaliruka upande mmoja, makapi upande mwingine, maharagwe yakateremka yaking'aa. Nilimganda fundi na maswali. Hii inazuia nini? Ile inasukuma nini? Hakunifukuza. Aliniachia hata spana nikaze nati mbili.

"Hii inajua kubwa na dogo, inajua zito na pesi," aliniambia akipangusa mikono. "Hapo yeye mwalimu kabisa. Kitu ingine usiulize yeye."

Nilicheka. Sikumwuliza kitu kingine ni kipi, mimi niliyejigamba kuwa mdadisi.

Wanawake kumi na watano waliondoka siku moja, cucu akiwa wa kwanza kuitwa. Alijifunga leso, akachukua kikapu chake, akapita mbele yangu. Nilimwamkia. Aliitikia vizuri tu.

Mvua za masika zikanyesha, watu wakapanda. Baada ya wiki tatu mkulima mmoja kutoka Bahati aliingia ghalani na matope hadi magotini, akafungua kitambaa mezani. Ndani yalikuwamo maharagwe aliyoyafukua, yameoza bila kuota. Mistari ya shamba lake, alisema, ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la pili. Kesho yake wakaja wawili zaidi. Mzee hakugombana nao. Alitafuna bizari yake, akanigeukia. "Wewe napenda kuuliza uliza. Sasa uliza hii."

Nilichota maharagwe kutoka kwenye magunia ya mashine, nikayapanga ndani ya gunia bichi, nikayanyunyizia maji kila siku. Mengi yaliota, mengine yakavimba na kunuka. Nilitwaa yale ambayo sikuyalowesha, nikayatazama kwenye mwanga, nikayapima moja moja kwenye mizani ndogo ya dawa niliyoazima. Mekundu yote, mazito yote, sawa kabisa. Kidogo nilie.

Mwanamke mmoja kati ya waliobaki, ambaye sasa alishona midomo ya magunia, alinitazama nikihangaika hadi akashindwa kuvumilia.

"Hizo ni za mwisho wa meza," akasema.

"Mwisho wa meza?"

"Si tulikuwa tunapelekea cucu? Hizi zilinyeshewa shambani kabla ya kuvunwa, halafu zikakauka. Kwa macho huwezi jua. Kwa mkono, sisi tunashuku tu. Ukishuku, unampelekea. Yeye ndiye alikuwa anajua hii inaota na hii imekufa. Kwani hukuona? Wewe si ulikuwa umesimama hapo?"

Nilikaa juu ya gunia. Cucu alijaza debe moja kwa sababu alipewa yale tu yaliyowashinda wengine ishirini na tisa. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika hilo, na mimi sikuwa na kichwa cha kulifikiria. Aibu niliyoisikia siku ile ninaikumbuka hadi mahali ilipoanzia, nyuma ya masikio.

Jumamosi nilikwenda Bahati, alikoishi cucu, na mfuko wa maharagwe. Nilimkuta cucu amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anamenya viazi. Nilimweleza yote, nikakiri kosa langu, kwamba ni mimi niliyeandika. Alichukua mfuko, akaumwaga kwenye ungo juu ya magoti, na vidole vikaanza kutenga, haya huku, haya kule, macho yakitazama barabara.

"Ulikuwa unaangalia mikono yangu sana," alisema hatimaye. "Nikasema, huyu msichana ameona. Amesoma, ameona, ataandikia watu wa mashine kitu mimi najua. Halafu nikaitwa, nikatolewa. Nikajiambia, basi wameona, na wamesema ni kitu bure. Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya kitu bure."

"Cucu, sikuona. Nilidhani wanakusaidia."

Vidole vilisimama. "Wananisaidia mimi?"

"Ndiyo."

Alicheka. Alicheka hadi viazi vikamwanguka, akamwita binti yake jikoni aje asikie, wanamsaidia yeye! Kisha akajifuta macho na kona ya leso, na niliona kwamba hayakuwa machozi ya kicheko yote. "Kumbe hukuona," alirudia polepole. "Afadhali. Afadhali sana."

Kurudi ghalani alikataa katakata, hata mzee alipomfuata mwenyewe na gari. Alisema amezoea kukaa na viazi vyake. Lakini alikubali wanawake watatu waende kwake kujifunza, nao wakarudi kuketi mbele ya mdomo wa mashine, kwenye meza fupi. Kazi za wale wengine sikuzirudisha. Hilo sikuliweza, na bado linanikera.

Tangu hapo nimekaa na waunganishaji simu wenye plagi zao, na wafungashaji wa mboga Naivasha, na wapima malori chini kule Mai Mahiu. Nimetengeneza fomu nyingi. Saa niliiacha kwenye droo. Huanza kwa mtu ambaye namba zake ni mbaya kuliko za wote, namwamkia, naomba radhi kwa utovu wa adabu, namwuliza mikono yake inafanya nini.

Siku ile Bahati, kabla sijaondoka, cucu alitaka nami nijue. Aliniambia nifumbe macho. Alinishika kidole gumba na cha shahada, akaweka harage zima, akanisugulisha taratibu. Akaliondoa, akaweka lililokufa.

"Umesikia vile ganda yake inateleza kidogo?"

Nilisugua. Nilisugua tena. Nilitamani sana kusema ndiyo.

"Sijasikia, cucu."

"Basi andika hivyo," akasema.