Vitone vya Kahawia

Mwishoni mwa miaka ya tisini kaka yangu mkubwa, mchonga vinyago, alipasuliwa kichwa akatolewa uvimbe kwenye utando wa ubongo. Alirudi nyumbani kwetu Makadara akiwa mzima, lakini akakataa kazi yoyote isiyoisha siku hiyo hiyo. Akawa anachonga vijiko vya saladi tu. Hangeanza jambo kubwa, alisema, kabla ya kujua kama uvimbe utarudi.

Daktari alituambia kuna rangi ya maabara inayoweza kudokeza hilo, ila hospitali ile haikuwa nayo. Kwetu shughuli za mgonjwa hufuatiliwa na jamaa zake, basi nikakabidhiwa kipande cha uvimbe kilichogandishwa ndani ya nta, nikipeleke maabara nyingine upande wa pili wa mji. Niliacha shule darasa la saba. Nimechuna mbuzi Kiamaiko, nimekata matairi ya kutengenezea viatu vya akala Kariokor, na hakuna kazi niliyowahi kuifanya kwa adabu kama ile. Nilipita kivulini njia nzima ili nta isilainike.

Siku ya majibu nilimwomba mama aliyekuwa akifanya vipimo anionyeshe.

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni ndugu ya hicho kichwa."

Akacheka, akanisogezea hadubini. Niliona vitone vya buluu vimesongamana, na hapa na pale kimoja cha kahawia. Kila cha kahawia, alinieleza, ni chembe hai ya uvimbe iliyokuwa ikijiandaa kugawanyika. Vikiwa vingi, uvimbe una haraka ya kurudi. Hivi vilikuwa vichache. Nilimuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa.

Daktari alisoma majibu akasema vivyo hivyo, akaongeza kwamba hiyo ni dalili, si ahadi. Kichwa kipigwe picha kila mwaka. Nyumbani mama yetu alitaka nitangaze kwamba yamekwisha. Kaka akanikazia macho.

"Kwa hivyo haurudi?"

"Sijasema haurudi. Nimesema ni mvivu."

"Basi uvimbe huo umenifuata mimi," akasema.

Wiki hiyo alinunua gogo la muhugu, bado bichi, akalisukuma uvunguni mwa kitanda likauke polepole. Gogo la namna hiyo likichongwa mapema hupasuka. Lilihitaji karibu mwaka mzima. Jirani alipouliza ni la nini, kaka alimjibu kwamba ni la kuchonga simba. Jirani aliposhangaa kusikia ameacha vijiko, kaka akaninyooshea kidevu.

"Muulize mdogo wangu. Yeye ndiye aliyeona."

Nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza jirani tangu vile vitone vya buluu.