Kiko cha Bwana Tarumbeta

Shangazi yangu husafisha viko. Havitengenezi wala haviuzi, anavisafisha tu, hasa ule ukingo wa juu ambao moto huulamba kila mwenye kiko anapowasha tumbaku yake. Watu wakisikia hivyo hucheka. Nawaambia wacheke taratibu, maana kazi hiyo ndiyo iliyonilea, na cherehani ninayoshonea nguo za watu imetoka humo. Tunafanya kazi chumba kimoja, yeye upande wa dirisha, mimi upande wa mlango.

Vifaa vyake ni kitambaa cha pamba, kipande cha nta ya nyuki, na kitu ambacho wateja huambiwa ni "dawa ya nyumbani". Dawa yenyewe ni mate. Analowesha ncha ya kitambaa ulimini, anasugua ukingo polepole mpaka weusi wa tumbaku unalegea, anageuza kitambaa upande safi, analowesha tena. Msasa hataki hata kuusikia, anasema unakula mti. Mwisho anapaka nta, anasugua mpaka ukingo unang'aa. Siku moja mteja mwenye tai aliuliza dawa hiyo inapatikana duka gani. Shangazi akamjibu bila kutabasamu, "Natengeneza mwenyewe, baba, ila haiuzwi." Mimi nilitoka nje nikachekee huko.

Kati ya wateja wake kuna mzee mmoja mgane aliyepiga tarumbeta katika bendi ya polisi mpaka akastaafu. Mtaa mzima unamwita Tarumbeta, ingawa jina na mtu haviendani kabisa. Akifika mbele ya shangazi, sauti humkauka.

"Habari za hapa?"

"Nzuri. Kiko tena?"

"Kiko tena."

Basi. Kila wiki hivyo hivyo. Salamu zao nzima zilikuwa zinaisha kabla sijapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Lakini mimi macho ninayo. Siku za Tarumbeta shangazi alijitanda kanga mpya na kujipaka poda, na kile kiko alikisugua muda mrefu kuliko viko vyote. Ukimgusia tu, anakuwa mbogo. "Shona nguo za watu, mwanangu," ananiambia, "acha kunishonea maneno."

Kisha baba yangu, ambaye ni kaka yake mkubwa, akatuletea balaa. Alikuja, akanywa chai, akatangaza kwamba si vizuri dada yake azeeke peke yake na viko vya watu. Kwake kuna chumba kitupu, na Jumamosi angeleta gari la mizigo kumhamisha. Kwake ni mbali, safari ya kutwa. "Haya, kaka," shangazi alisema, kwa sababu kaka mkubwa habishiwi. Alipoondoka, nilimwona shangazi akifungasha nguo zake sandukuni, akizitoa, akizifungasha upya. Hakutaka kwenda. Iliniuma sana. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia zaidi Tarumbeta, mwanamume mwenye mapafu yale yote na hana pumzi ya kusema neno moja.

Alhamisi akaja na kiko chake. Nikashindwa kuuzuia mdomo.

"Mzee wangu, bora umewahi. Shangazi anahama Jumamosi."

Kofia ikamdondoka. Akaiokota, ikadondoka tena.

"Anahama?"

"Nahama," shangazi akajibu mwenyewe. Akachukua kiko, akaanza kusugua, macho yake yakiwa kwa mwenye kiko. Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alisahau kugeuza kitambaa, akairudisha ulimini ncha ile ile nyeusi.

Mkono ukasimama. Akaonja tena, safari hii kwa makusudi.

"Hii si tumbaku," akasema. "Ni vitunguu. Vitunguu vilivyoungua, tena vina chumvi. Bwana Tarumbeta, siku hizi unavuta mchuzi?"

Mzee akawa hana pa kujificha, ikabidi aseme. Daktari alimkataza tumbaku tangu mwaka jana, naye akatii. Lakini kiko kisipovutwa hakichafuki, na kisipochafuka atakileta kwetu kwa sababu gani? Basi kila wiki alikwangua weusi wa kikaango akaupaka ukingoni kwa kidole.

"Kwa kawaida naosha kikaango kwanza," alijitetea. "Leo nilikuwa na haraka."

Nilicheka mpaka nikakanyaga cherehani, na suruali ya mtu ikashonwa mguu mmoja na mwingine. Shangazi hakucheka.

"Mwaka mzima nasugua kikaango chako?"

"Unasugua vizuri," mzee akasema kwa sauti ndogo.

Shangazi akamrudishia kiko kama kilivyo. "Hiki sikisafishi." Tarumbeta akanywea. "Ukitaka kuja kwangu," akaendelea, "kesho njoo mikono mitupu."

Ijumaa akaja. Amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, japo ukosi ulimshinda. Kiko hana. Mikono yake haikujua pa kukaa. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaiweka nyuma.

"Nimekuja," akasema.

"Nakuona."

"Sina kitu cha kusafisha."

"Hilo nalo naliona."

Akavuta pumzi ndefu, ile ya watu wa bendi. "Usihame," akasema, na nadhani jirani wa ng'ambo alisikia.

Shangazi akavisukuma viko vya watu mwisho wa benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja. "Kaa basi," akamwambia.

Mimi nikatoka nje na simu, nikampigia baba nimwambie gari lisije.

"Kuna nini tena?" akauliza.

"Shangazi ana mgeni."

"Mgeni huyo ataondoka lini?"

"Baba," nikamwambia, "huyu haondoki."