Kofia ya Mpingo Nisiyoivalisha

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, halafu anisikilize. Haya yalinitokea mie mwenyewe, saa saba mchana, jua limesimama utosini, uani kwetu Temeke. Sikuwa na homa. Sikuwa nimesinzia. Mama anasema ni njaa, eti sikunywa chai. Chai nilikunywa, na mkate wa jana nikala.

Mie si muongeaji. Darasani jibu nalijua lakini ulimi unagoma, kwa hiyo mambo yangu huwa nayaandika. Ndiyo maana nilipoipata kibodi ya kompyuta kwa muuza mtumba wa Buguruni niliona nimepata mdomo. Ni kibodi ya kuunga mwenyewe, kila kitufe kina swichi yake inayolia tak, tak, kama mtu anabangua karanga. Ila ilikuwa uchi, haina kofia hata moja, zile za juu zenye herufi. Nikanunua kofia za dukani. Kwenye herufi zikakaa, safu ya chini zikakataa, maana aliyeiunda alijipangia vipimo vyake: shifti fupi, na spesi, kile kitufe kirefu cha kuacha nafasi, ndefu kuliko kawaida.

Babu akaitazama ilivyo nusu nusu, akasema zitoe hizo takataka, nitakuchongea za mpingo.

Babu yangu, baba yake mama, ni mchonga vinyago, Mmakonde wa Newala. Amechonga miaka mingi Kinondoni mpaka mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, akaacha. Mwaka mzima patasi zilining'inia ukutani, na yeye akawa mtu wa kukaa tu, chakula anakigusa na kukisogeza. Mie sikutaka kumpoteza namna ile. Kumbe kofia ni kitu kidogo, unaibana kwenye jiliwa, lile bano la chuma la mezani. "Mkono unatetemeka, bibie, jiliwa halitetemeki," akaniambia. Akaanza kula. Akaanza hata kuimba.

Kazi yenyewe ngumu. Kila kofia ina tundu la msalaba kwa chini, linaingia kwenye kijiti cha swichi. Likibana, kijiti kinakatika. Likilegea, kofia inacheza kama jino bovu. Mie napima kwa rula ya shule, yeye anakata. Wiki tano.

Ikabaki ya spesi, yenye matundu matatu yanayotakiwa kunyooka sawasawa. Aliimaliza Ijumaa jioni huku mkono ukimtetemeka kuliko siku zote, akaingia kulala, na Jumamosi asubuhi hakutaka hata uji. Mie mjinga, kwa furaha zangu, nilikuwa nimeshaipiga picha na kuiweka stetasi: "Kazi ya mwisho ya Babu. Nikiivalisha hii tumemaliza." Niliona nimeandika maneno mazuri. Watu wakanitumia mioyo.

Jumamosi hiyo mama alikwenda duka la dawa. Babu ndani, mie uani chini ya bati, kibodi mapajani, nalisugua tundu la katikati kwa tupa nyembamba. Kuinua macho, kuna mzee amekaa kwenye benchi la Babu. Geti letu linalia kama mbuzi. Sikulisikia. Shati jeupe la mikono mirefu limepigwa pasi, na hana tone la jasho. Temeke, saa saba, mtu asitoke jasho?

Nikamwamkia, shikamoo. Hakuitikia. Nikadhani hasikii vizuri, nikarudia kwa sauti. Kimya, ananitazama mikono tu. Kisha akasema amekuja kuchukua kazi ya mwisho ya mzee.

Maneno yangu yale yale. Nikajua kaona stetasi, ni mteja, nikamwambia hii si ya kuuza. Akainama, akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe kimoja cha kibodi yangu. Kilishuka, nimekiona kwa macho yangu haya, kikapanda. Hakikulia. Akabonyeza cha pili, cha tatu. Kimya. Nikabonyeza mie: tak. Na kidole chake hakikuwa na mstari hata mmoja, laini, kama kimepigwa msasa, pamoja na ukucha.

"Ivalishe hiyo, mjukuu," akasema. "Kazi ikiisha, nampeleka fundi akapumzike."

Ndani Babu akakohoa mara moja, halafu nikawa simsikii hata anavyopumua, na dirisha lake liko wazi.

Nyie mnajua tulivyolelewa. Mkubwa akikuagiza unakwenda kwanza, maswali baadaye. Mikono yangu ilitii, niamini, yenyewe. Kofia ikakaa juu ya vijiti, imebaki kusukumwa tu. Ndipo lilipokuja lile wazo, sijui kutoka wapi: huyu marahaba yangu iko wapi?

"Hujaitikia shikamoo yangu," nikamwambia, na sauti ilitoka, mie ambaye darasani haitoki. "Asiyeniitikia si mkubwa wangu. Siivalishi."

"Utaandikaje bila hiyo?"

"Hivyo hivyo."

Nikaichomoa kofia, nikaingiza tupa kwenye lile tundu la katikati, nikalikwangua kwa nguvu mpaka likapanuka, likaharibika kabisa. Kazi ya Babu, machozi yananitoka. Nikasema haijaisha, umeona? Inaanza upya. Nilipoinua macho benchi lilikuwa tupu, na vumbi jeusi la mpingo juu yake limetulia vilevile, halina alama ya mtu aliyekaa.

Nikamsikia Babu ndani anapiga miayo. Akatoka anajikongoja, akaiona kofia, akanigombeza mpaka majirani wakachungulia. Kisha akaomba uji, akanywa, akasema leta kipande kingine, umeniharibia.

Mpaka leo amechonga nane. Kila moja naikuta na kasoro: hii inabana, hii inacheza. Marafiki wananicheka na kibodi yangu nzuri yenye pengo, na kidole gumba changu kimeota sugu kwa kubonyeza kijiti kitupu. Wacheke. Sijui kama Babu anajua. Juzi nilimrudishia ya nane, akanitazama sana, akacheka, akaanza ya tisa bila hata kuomba rula.

Kwa hiyo wewe unayesoma, chunga vidole vyako. Usimwandikie mtu aliye hai neno "mwisho", hata kwa mapenzi, hata kwa utani, maana huwezi kujua nani mwingine anasoma. Na mzee akikuagiza jambo, subiri kwanza marahaba yake.

Mie bado naandika. Siku nyingine, mchana kama ule, kitufe kinashuka chini ya kidole changu mwenyewe na hakilii. Siinuki. Nakibonyeza tena, na tena, mpaka kilie.